Kuku mzima anauawa kwa kosa gani?

Mnamo Januari 2017 ndege wa porini walianza kuonekana wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe. Wengi walikuwa buabua, wale wahamiaji wanaokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Siku hizohizo bata na kuku wa kufugwa wakawa wanakufa upande wa Masaka. Tarehe 15 Januari serikali ya Uganda ikatangaza kwamba ni mafua makali ya ndege, na kirusi kikaja kutambuliwa kuwa cha aina ya H5N8. Haukupita muda Kenya ikapiga marufuku kuku, mayai na vifaranga kutoka Uganda. Rwanda nayo ikafunga mlango.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, kwenye mpaka wa Namanga, maofisa wa Tanzania walikamata vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali, wakawachoma moto. Kenya haikuwa imeripoti kirusi hicho. Picha zilisambaa, watetezi wa haki za wanyama wakapiga kelele, na Kenya, ambayo tayari ilikuwa na kinyongo cha ng'ombe wa wafugaji wake waliopigwa mnada Tanzania mwezi uleule, ikalalamika. Tanzania ikashikilia kwamba vifaranga wasio na karatasi ni mlango wa mafua ya ndege. Mapema mwaka 2018 shehena nyingine ikateketezwa vilevile.

Swali ambalo wafugaji wamekuwa wakiulizana tangu hapo lina sehemu mbili: kuku asiye na dalili yoyote anauawa kwa nini, na nani anamlipa mwenye kuku? Sehemu ya kwanza ina majibu ya kisayansi yasiyo na utata mkubwa. Ya pili ndiyo inayozivunja nguvu hatua zote za serikali, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Magonjwa mawili, dalili zilezile

Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa mdondo, au kideri kwa jina lake jingine. Kuku anazubaa, anashusha mabawa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda ni tupu. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na kwetu bado ndio muuaji mkuu wa kuku wa kienyeji.

Mafua makali ya ndege huanza karibu hivyohivyo: vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga wa kichwani kugeuka rangi ya zambarau, kuharisha. Hakuna ofisa mifugo, hata awe na uzoefu wa miaka 30, anayeweza kusimama mlangoni mwa banda akaapa kwamba huu ni mdondo na si mafua. Ndiyo maana utaratibu wowote wa serikali unaanza na sampuli kwenda maabara: Temeke kwa Tanzania, Kabete kwa Kenya, Entebbe kwa Uganda. Na hapohapo ndipo penye hatari ya kwanza. Kwa kuwa tumezoea kuku kufa kwa mdondo kila mwaka, kuku wakifa tunasema "ni ule ule", tunachinja waliobaki, maisha yanaendelea. Kirusi kipya kinaweza kupita katika vijiji vingi kwa kivuli cha kile cha zamani.

Kibaiolojia, tofauti iko hapa. Virusi vya mafua ya ndege ni vya aina nyingi, na vingi huishi kimya ndani ya matumbo ya bata na ndege wengine wa majini bila kuwadhuru. Virusi vinavyotisha ni vya makundi mawili, H5 na H7. Vikiingia kwenye banda lenye kuku wengi waliobanana, vinaweza kubadilika sehemu ndogo tu ya protini yao ya juu. Kabla ya badiliko hilo, protini hiyo huamshwa na vimeng'enya vinavyopatikana kwenye utumbo na njia ya hewa pekee, kwa hiyo maambukizi hubaki humo. Baada yake, huamshwa na vimeng'enya vilivyo karibu kila mahali mwilini. Moyo, ubongo, ini, vyote vinazalisha kirusi. Kuku anakufa ndani ya siku moja au mbili, na tangu kabla hajaonyesha dalili amekuwa akikimwaga kwenye kinyesi, makamasi na maranda ya bandani.

Ukilielewa hilo, mantiki ya kuua wazima inaonekana. Kwenye banda lenye kuku 2,000 ambamo 40 wamekufa leo, wale 1,960 si wazima. Ni ambao hawajaugua bado. Kumpima mmoja mmoja ni polepole kuliko kirusi chenyewe. Kwa hiyo wanauawa wote, wanazikwa kwenye shimo lenye chokaa au wanachomwa, pamoja na maranda, chakula kilichobaki na trei za karatasi, kisha banda linapuliziwa dawa na kuachwa tupu. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, linaitaka nchi ihesabu angalau siku 28 baada ya kazi hiyo kukamilika, huku ikiendelea kuchunguza, ndipo ijitangaze kuwa safi tena. (Kuchoma vifaranga hai, kama ilivyofanyika Namanga, si sehemu ya mwongozo huo. Mwongozo unataka ndege auawe kwanza kwa njia isiyomtesa, kwa mfano hewa ya kaboni dioksaidi, ndipo mzoga uteketezwe.)

Sababu nyingine ya ukali ni binadamu. Hong Kong mwaka 1997, H5N1 iliwapata watu 18, na sita wakafa. Serikali ikaua kuku wote wa eneo hilo, zaidi ya milioni moja, kwa siku chache, na maambukizi kwa watu yakakoma kwa wakati ule. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha watu zaidi ya 900 walioambukizwa H5N1, na karibu nusu yao walifariki. H5N8, ile ya Uganda, haikujulikana kumwambukiza mtu hadi Urusi iliporipoti wafanyakazi saba wa shamba la kuku mwaka 2021. Mdondo kwa upande wake humpa mtu macho mekundu kwa siku kadhaa, basi. Ndiyo maana sheria haiyatendei magonjwa haya mawili sawa, ingawa mwenye kuku anapata hasara ileile.

Duara la kilomita tatu

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya, Sura ya 364, zinampa mkuu wa huduma za mifugo mamlaka makubwa: kutangaza eneo kuwa limeambukizwa, kuzuia kuku kutoka au kuingia, kufunga minada na magulio, kukamata, kuharibu. Katika nchi nyingi utekelezaji huchorwa kwa duara mbili. Ndani ya kilomita tatu kutoka banda lililoambukizwa, hakuna kinachotoka. Kutoka hapo hadi kilomita kumi, kuku wanaweza kubaki hai lakini wanachunguzwa na kila safari inahitaji kibali.

Duara hizi zilibuniwa na watu wanaofuga kuku ndani ya majengo yenye anwani. Kwetu sehemu kubwa ya kuku ni wa kienyeji, wanaokula jalalani mchana na kulala jikoni usiku. Hakuna orodha yao. Mchuuzi anapita na baiskeli au bodaboda, anakusanya wawili kwa mama huyu, watatu kwa yule, jioni tenga limejaa, na usiku linapandishwa juu ya basi kwenda mjini. Kuku wa vijiji vinane wanapumuliana kwenye tenga moja. Ukifika na ramani yako ya kilomita tatu, tenga liko kilomita 300.

Kwa hiyo kwa mazingira yetu kufunga gulio kuna nguvu kuliko kuchora duara, lakini gulio nalo likifungwa muda mrefu, wachuuzi huhamia kununua nyumba kwa nyumba, na hapo hata ule ukaguzi mdogo wa sokoni unapotea. Thailand mwaka 2004 ililiona hilo, ikatumia jeshi la wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini kupita mlango hadi mlango kuuliza kila kaya kama kuku wamekufa. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji watu walipwe posho, na mwenye nyumba awe na sababu ya kusema kweli.

Bei ya ukweli

Chukua mama mwenye kuku 12. Asubuhi wawili wamekufa, mmoja anazubaa. Akinyamaza, akawapeleka waliobaki sokoni leo, anaweza kuambulia bei ya kuku tisa, pungufu kidogo kwa sababu wanunuzi nao wana macho. Akipiga simu kwa ofisa mifugo wa kata, watakuja watu wenye mavazi meupe, watawaua wote, pamoja na wa majirani zake watano, na atabaki bila kuku na bila majirani. Hakuna elimu kwa umma itakayomfanya achague simu. Si ujinga, ni hesabu.

Fidia ndiyo inayobadilisha hesabu hiyo. Watu huizungumzia kama huruma ya serikali kwa waliopata hasara, na wizara za fedha huichukulia hivyohivyo, jambo la kufikiriwa baadaye bajeti ikiruhusu. Mimi naiona kama ununuzi wa taarifa. Serikali inamlipa mfugaji ili awe wa kwanza kusema, kabla tenga halijapanda basi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2006 na Benki ya Dunia pamoja na mashirika ya chakula na afya ya wanyama ulipendekeza kulipa asilimia 75 hadi 90 ya bei ya soko, na kulipa upesi. Chini sana, watu wanaficha. Juu ya bei ya soko, wapo watakaosafirisha kuku wagonjwa kuwaingiza ndani ya duara ili walipwe.

Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuripoti H5N1, Februari 2006, kwenye shamba kubwa jimboni Kaduna. Iliweka naira 250 kwa kila kuku. Bei moja kwa wote ni rahisi kwa mhasibu, lakini inamfurahisha mwenye kuku mzee na kumwumiza aliyemlea mtamba wa mayai kwa miezi mitano, amemlisha kwa chakula cha mkopo, na sasa ndiyo kwanza anaanza kutaga. Wafugaji wa mayai ndio wenye kuku wengi, na ndio wenye simu ya daktari wa mifugo. Ukiwapoteza hao, umepoteza macho yako.

Misri iliingiliwa mwezi uleule. Iliua mamilioni ya kuku, ikapiga marufuku ufugaji juu ya mapaa ya Cairo, ikalipa fidia kwa muda mfupi, kisha ikaisitisha ndani ya mwaka huohuo na kuegemea chanjo. Kuku wa mapaani hawakwisha, walifichwa. Kufikia 2008 Misri ilikubali rasmi kwamba kirusi kimekuwa mkazi wa kudumu, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 350 waliambukizwa, wengi wao wakiwa na kuku nyumbani.

Kuna kundi jingine ambalo hata nchi zinazolipa vizuri hulisahau. Mwenye mashine ya kutotolesha ambaye wateja wake wamewekewa karantini hakuuliwa kuku hata mmoja, lakini vifaranga wa siku moja hawawezi kusubiri siku 28. Mwuza chakula cha kuku anadai watu ambao mabanda yao ni matupu. Mchuuzi, yule wa tenga, ndiye anayejua kuliko ofisi yoyote kuku wanatoka wapi kwenda wapi, na ndiye anayetazamwa kama mhalifu tangu siku ya kwanza. Wakati wa mlipuko unamhitaji huyo akuonyeshe njia alizopita wiki mbili zilizopita. Atakuonyesha kwa malipo gani?

Mpaka

Nchi jirani kusitisha uagizaji mara ugonjwa unapotangazwa ni haki yake. Kosa hutokea baadaye. Marufuku hutangazwa kwa siku moja na waziri mbele ya kamera, na kuondolewa kwake hakuna anayekimbilia, kwa sababu wakati huo wafugaji wa ndani wameshazoea kuuza bila mshindani. Marufuku ya Tanzania iliyowatia vifaranga wa Namanga motoni ilitokana na hofu ya mafua ya ndege ya muongo wa kwanza wa karne hii, na ilikuwa ingali hai mwaka 2017.

Kanuni za kimataifa zina njia ya kati. Nchi inaweza kugawanywa kikanda, ili ugonjwa wa Masaka usimzuie mfugaji wa Mbale kuuza. Inaweza pia kuthibitisha shamba moja au kiwanda kimoja cha vifaranga, chenye uzio, kumbukumbu na vipimo vya mara kwa mara, kuwa salama hata kama wilaya yake ina mlipuko. Afrika Kusini, iliyopigwa na H5N8 mwaka 2017 na tena vibaya na aina nyingine mwaka 2023, hadi mayai yakaadimika madukani, imekuwa ikiitumia njia hii kulinda sehemu ya biashara yake na majirani. Katika Afrika Mashariki tunayo lugha ya soko la pamoja, lakini kwenye kuku tunarudi haraka kwenye kufunga geti.

Na geti likifungwa, njia za panya hufunguka. Kifaranga kikiwa ghali upande mmoja na rahisi upande wa pili, kitavuka. Tofauti ni kwamba anayepita geti ana cheti cha afya kinachoonyesha shamba alikozaliwa, na anayepita kichakani hana. Nikiwa mkweli kwa maofisa wa Namanga, walipokuwa wameshika maboksi yasiyo na karatasi hawakuwa na namna ya kujua yametoka wapi, na sheria iliwaruhusu kuyaharibu. Lakini maboksi hayo yalikosa karatasi kwa sababu hakukuwa na karatasi yoyote ambayo mwenye mali angeweza kuiomba.

Mbona hawachanji?

Kwa mdondo, wanachanja. Chanjo ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Tone moja kwenye jicho, kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Tanzania huitengeneza yenyewe, na wengi wanaijua kwa jina la TEMEVAC. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ambamo ng'ombe wanachangiwa gharama na kuku wanachanjwa bure. Faida yake haiishii kwenye mdondo. Kijiji ambacho mdondo umedhibitiwa, kuku wakifa kwa wingi, mtu atashtuka na kuuliza ni nini hiki.

Kwa mafua makali ya ndege, serikali nyingi zimeikwepa chanjo kwa sababu mbili. Kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa asife, akamwaga kirusi kidogokidogo bila mtu kujua. Ili kuligundua hilo lazima upime mara kwa mara, na unaweza pia kuwaacha kundini kuku wachache wasiochanjwa, wao wakifa ujue kirusi kimo. Hiyo ni gharama juu ya gharama. Sababu ya pili ni biashara. Ufaransa ilipoanza kuchanja bata Oktoba 2023, baada ya kuua mamilioni ya ndege misimu iliyotangulia, Marekani iliizuia mara moja kuingiza ndege na mazao yake. Milipuko nchini Ufaransa ilipungua sana msimu huo. Kwa nchi ambayo haiuzi kuku nje, hoja ya biashara haina uzito, na inabaki swali la nani atapima. Misri ilichanja kwa miaka mingi bila upimaji wa kutosha, na kirusi kikaendelea kubadilika chini ya chanjo yenyewe.

Hatua moja hujitokeza kila mlipuko na haifai kabisa: kuwaua ndege wa porini au kukata miti wanayolala. Ukiwashambulia buabua wa Lutembe hawafi wote; wanatawanyika, na kirusi kinakwenda nao kwenye ghuba nyingine. Kinachofaa ni kutenga maji ya kuku na ya ndege wa ziwani, na bata wa nyumbani wasichangamane na kuku.

Kuku wakifa kwako

Kuku watatu au zaidi wakifa ndani ya siku moja au mbili bila sababu unayoijua, usimchinje aliyebaki ili kuokoa nyama, na usimpe mtoto kazi ya kumnyonyoa aliyekufa, kwa maana wengi walioambukizwa duniani walimshika kuku mgonjwa au mfu kwa mikono mitupu. Nyama na mayai vilivyoiva sawasawa havina shida. Hatari iko kwenye kuchinja na kunyonyoa. Mpigie ofisa mifugo wa kata. Kama hapatikani, mtendaji au chifu wa eneo ana wajibu wa kupeleka taarifa. Mzoga mmoja uliokufa karibuni, ukifungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa mahali pa baridi, unatosha kwa sampuli. Mingine izikwe kwa kina mbwa wasichoweza kufukua. Vaa kitu mkononi, hata mfuko wa plastiki, na nawa kwa sabuni. Andika ni lini ulinunua kuku wa mwisho na kwa nani, na kama umeuza wowote ndani ya wiki mbili, wamekwenda wapi. Sampuli ikishafika maabara yenye kipimo cha vinasaba, jibu la kama ni mdondo au mafua ni suala la saa, si wiki. Mpaka jibu lirudi, mayai, mbolea ya banda na kuku wenyewe visitoke uani.